Aliyenunua kesi ashtakiwe: barua ya wazi kutoka Mombasa

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu Martha Koome, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nawajulisha kwamba mimi ni wakili hapa Mombasa. Kwa miaka mingi nimebeba kesi za aina mbili ambazo serikali imezipa ofisi mbalimbali: kesi za hongo na mali zilizoibwa kwa kalamu, na kesi za wanawake na watoto waliopigwa, waliobakwa na walionajisiwa. Kwenye makaratasi yenu hayo ni mambo mawili. Kwenye korido za mahakama zetu ni jambo moja lenye hatua mbili: mwanamke anaumizwa, kisha kesi yake inauzwa. Kwa hatua ya kwanza mna sheria, mna mahakama maalumu, mna madawati ya jinsia. Kwa hatua ya pili sijaona mtu akisimamishwa kizimbani. Ninachowaomba ni hicho tu: anayenunua kesi na anayeiuza washtakiwe kama wahalifu wengine.

Niwapitishe njia ambayo faili hupita, maana nadhani ikifika huko juu huwa imeshanyooshwa.

Mama anafika kituoni na binti yake. Anaandikiwa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kama ana bahati, njiani amekutana na mtu aliyemwambia asimwogeshe mtoto na asifue nguo, na kwamba nguo zile ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Kama hana bahati, nguo zimeshafuliwa na kuanikwa, kwani ndivyo mama yeyote angefanya. Anaelekezwa hospitali ya rufaa ya Coast General, kwenye kituo cha waliodhulumiwa kijinsia, ambako wauguzi (mwenye haki yake apewe) wanaijua kazi yao. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Inajazwa fomu ya PRC, ya hospitali kwa aliyebakwa, kisha P3, fomu ya polisi ambayo daktari hueleza majeraha. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, gharama ya matibabu hayo ni ya serikali. Na P3 haina bei.

Hivyo ndivyo sheria inavyotaka. Sasa sikilizeni yale ambayo wateja wangu hunieleza wakishafunga mlango wa ofisi. Askari amesema gari lipo ila halina mafuta, na mshukiwa anajulikana alipo. Ikipatikana elfu mbili atakamatwa leo. Fomu isiyo na bei imetolewa nakala duka la jirani, mama amelipia karatasi, akalipia na muhuri. Nguo zilizochukuliwa kama vielelezo hazionekani siku ya ushahidi. Afisa mpelelezi amehamishiwa kaunti ya mbali na hati ya kumwita haikumfikia. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Mama anayeuza viazi karai ameacha meza yake siku nzima, amelipa nauli kwenda na kurudi, na amerudi na tarehe nyingine. Kila aliyeishika faili amechukua kidogo, na hakuna hata mmoja wao anayejiona ameiua kesi.

Akishachoka hivyo, ndipo wageni wanapokuja nyumbani.

Mnawajua wageni hao, hata kama mnajifanya hamwajui. Anakuja ami wa mshtakiwa, anakuja mzee wa mtaa, na mara nyingine anasindikizwa na mtu wa dini ili maneno yapate uzito. Wanapokelewa kwa heshima, wanakaa, wanaagiziwa soda. Hakuna anayetisha. Wanasema tusitiriane. Wanasema mtoto wa kike huyu, jina lake likitajwa mahakamani nani atamuoa. Wanasema yule bwana ana watoto wake wanasoma, akifungwa watakula nini. Mwisho, kwa sauti ya chini, inatajwa pesa: ya matibabu, ya karo, ya kuanzia biashara. Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga, na rupia hiyo haibaki yote pale sebuleni. Fungu lake lilishatengwa kwa mtu wa kuilaza faili, ili siku ya kusikilizwa iitwe na mlalamishi asionekane, kiongozi wa mashtaka aseme hana mashahidi, na mshtakiwa aachiliwe kwa kukosekana kesi ya kujibu.

Nimewahi kuambiwa na mtu mzima, msomi, kwamba huo si ufisadi, ni sulhu, na kwamba mimi nimesoma sheria za Wazungu nikasahau mila. Nilimjibu wakati ule na nawajibu nanyi kama mna fikra hiyo. Sulhu ina mahali pake. Nimesuluhisha wanandoa, majirani waliogombania ukuta, ndugu waliogombania shamba la urithi, na ningependa mambo mengi zaidi yaishie barazani. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inazitambua njia hizo, na papo hapo inazikataza zikivunja Sheria ya Haki, ile sura yake ya haki za binadamu. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170, imepewa ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu binafsi kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake, haikupewa ubakaji. Na ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inayomruhusu hakimu kuhimiza upatanisho inaishia kwenye makosa madogo ya watu binafsi. Kunajisi mtoto hakumo. Basi anayekuja na bahasha kwa jina la mila ajue kwamba hata mila imemwachia mlango wa nyuma tu.

Nanyi wenye mamlaka mnajua zaidi yake. Sheria ya 2006, kwa kifungu chake cha 40, inasema kwamba uamuzi wa kuacha upelelezi au mashtaka ya kosa la kijinsia si wa mama, si wa baba, si wa mzee wa mtaa. Ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu, na kwa Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 117, inamtia hatiani anayemzuia au kumshawishi shahidi asifike mahakamani kwa nia ya kupotosha haki. Kifungu cha 118 kinamtia hatiani anayepokea mali au manufaa ili kosa kubwa la jinai lifichwe au mashtaka yake yaachwe. Sheria ya Hongo ya 2016 inaweka kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili, na kifungu chake cha 14 kinamtaka kila afisa wa umma anayejua au kushuku hongo airipoti kwa EACC ndani ya saa 24. Saa 24! Nauliza kwa unyenyekevu: ni hakimu gani, ni kiongozi gani wa mashtaka, ni mkuu gani wa kituo aliyeona mlalamishi akitoweka ghafla akaandika ripoti kabla ya kesho yake?

Sheria tunazo, tena za kutosha. Zipo kwa sababu ya wanawake waliotutangulia, na sipendi tuzitaje bila kuwataja. Effie Owuor alikuwa jaji wa kwanza mwanamke katika Mahakama Kuu mwaka 1982, wakati ambapo kumwona mwanamke na joho la uwakili lilikuwa jambo la kusimuliana. Mwaka 1985, mwaka ule wa mkutano wa wanawake wa dunia uliofanyika Nairobi, likaanzishwa shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, ambalo wewe, Jaji Mkuu, uliwahi kuliongoza. Njoki Ndung'u, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu, ndiye aliyeupeleka bungeni mswada wa makosa ya kijinsia. Ulipita mwaka 2006 ukiwa umenyofolewa huku na kule: mume aliyeoa kihalali akaachwa nje ya kosa la ubakaji kwa mkewe, na bado yuko nje hadi leo. Hilo lina barua yake.

Mimi sikuingia kwenye kazi hii kwa ushujaa. Nilipoanza uwakili, kesi za meli, bima na mizigo ya bandari zilikwenda kwa wanaume, na wanawake tuligawiwa talaka na matunzo ya watoto kama vile tumezaliwa nazo. Kisha akaja mjane mmoja wa Majengo (mambo madogo nimeyageuza asitambulike). Nyumba yake ilikuwa nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi katika mitaa yetu ya zamani: kuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine na unakilipia kodi. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitokea na hati ya mauzo yenye mihuri mizuri kuliko ya kweli. Mama alikataa kutoka. Shemeji akamvunja mkono.

Nilifungua kesi ya nyumba mahakama moja, na kesi ya kumjeruhi ikawa mahakama nyingine, chini ya polisi. Nilizitazama kama kesi mbili. Yeye shemeji alizitazama kama gharama moja. Pesa ile ile iliyopata mihuri ndiyo iliyowafanya majirani walioona mkono ukivunjwa wasikumbuke kitu. Amri ya ulinzi tuliipata, chini ya Sheria ya Kulinda Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, na ilimsaidia sana, alilala kwake. Kesi ya kujeruhi ikafa. Tangu hapo kila mwanamke anayeingia ofisini akiwa na alama mwilini namuuliza pia kuhusu mali, na kila anayekuja kuhusu mali namtazama mikono.

Kazi hii ina malipo yake, na mengine hayawekwi benki. Nimeambiwa navunja nyumba za watu. Nimeulizwa harusini, mbele ya sahani ya biriani, kama mimi nina mume. Wateja wenye pesa walihama pole pole bila ugomvi. Na kwa muda mrefu hata mahakamani hatukuwa na sauti: wakili wa mwathiriwa alikaa nyuma ya kiongozi wa mashtaka akimpitishia vikaratasi. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 ilifungua mlango, na uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Waswa mwaka 2020 ukathibitisha kwamba mwathiriwa ana haki ya kushiriki na kusikilizwa. Leo naweza kusimama na kusema, "Mheshimiwa, mlalamishi wangu alikuwa tayari wiki iliyopita, nani alimtembelea?" Kuna mahakimu wanaolipenda swali hilo. Kuna wasiolipenda.

Tulipofunguliwa mahakama ya kwanza nchini ya makosa ya kijinsia, hapa kwetu Shanzu, mwaka 2022, tulipiga vigelegele, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Sivirudishi. Mtoto kutoa ushahidi bila kukaa benchi moja na aliyemuumiza ni jambo kubwa. Lakini mahakama husikiliza kilicholetwa. Faili iliyoliwa kituoni ikifika Shanzu inafika mifupa, na hakimu bora kuliko wote hawezi kuipa nyama.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hawapendi nikilisema. Adhabu kali, ikiachwa peke yake, imepandisha bei ya kesi. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Na Mahakama ya Juu mwezi wa Julai 2024 ilikataa viwango hivyo vya chini kupuuzwa. Naviunga mkono. Ila mtu anayekabiliwa na kifungo cha maisha atauza kiwanja, atauza tuk-tuk, ataitisha mchango wa ukoo, na fungu lote hilo litatafuta mkono wa kuingia. Kila mnapoongeza miaka bila kuilinda faili, mnawaongezea mapato wale wanaoiuza.

Msidhani natia chumvi kuhusu ukubwa wa balaa hili. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe miaka 15. Polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Mwaka huo huo wanawake waliandamana; mwaka uliofuata Rais akaunda jopo chini ya Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu wa zamani. Majopo yana kazi yake. Mimi nazungumzia jambo lisilohitaji jopo.

Kwako, Mkurugenzi wa Mashtaka, nianze na wewe kwa kuwa ufunguo uko mkononi mwako. Toa agizo kwamba hakuna kesi ya kijinsia itakayoondolewa au kufungwa Pwani kwa sababu mlalamishi hakuonekana, mpaka kiongozi mkuu wa mashtaka atie sahihi sababu kwa maandishi, na mpaka mtu ametumwa nyumbani kwa mlalamishi kuuliza kilichotokea. Ikibainika kuna pesa zilizopita, fungua mashtaka mapya chini ya vifungu vya 117 na 118 na Sheria ya Hongo. Na hapa nakusihi jambo moja: usianze na mama. Najua kifungu cha 118 kinaweza kumnasa yeye aliyepokea. Mama aliyepokea elfu 30 baada ya kuahirishiwa kesi mara kwa mara na kufukuzwa na mwenye nyumba ni shahidi wako, na shahidi mzuri kuliko wote, akilindwa. Anza na aliyetoa, dalali aliyebeba, na afisa aliyelala juu ya faili.

Inspekta Jenerali, sitakuomba magari. Nakuomba afisa anayehamishwa asiondoke kabla ya kukabidhi vielelezo kwa maandishi, na kesi zake zote ziorodheshwe pamoja na tarehe, ili akiitwa arudishwe kutoa ushahidi. Kumbuka pia kesi ya wasichana wa Meru. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba polisi kutopeleleza malalamiko ya kunajisiwa ni kuvunja haki za watoto hao. Faili inayolala ni kosa kikatiba, hata kama hakuna aliyepewa senti.

Jaji Mkuu, kwako mambo mawili ya kiutendaji. Mtoto asikilizwe mapema, siku zile za mwanzo, kabla wageni hawajafika nyumbani; ushahidi wake ukishaandikwa, bei ya kumnyamazisha inaporomoka. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu hatia kupatikana kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, hakimu akiamini kwamba anasema kweli na akiandika sababu zake. Na siku mlalamishi anaposimama ghafla na kusema "nimesamehe", hakimu amwapishe na amuulize ni nani alikuja kwake, lini, na walizungumza nini.

EACC, mna ofisi hapa mjini, na najua macho ya nchi yanawataka mshike mabilioni. Endeleeni. Lakini kwa mwanamke wa Kongowea ufisadi ni ule wa elfu mbili za mafuta ya gari. Tengeni afisa mmoja, mwanamke ikiwezekana, anayepokea malalamiko ya kesi zilizouzwa, na mtumie kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo, kinachowalinda wanaotoa taarifa na mashahidi, ili anayesema leo asijute kesho.

Serikali ya Kaunti nitaiandikia peke yake kuhusu makao salama. Sitaki kuichanganya na hili.

Ninazo nambari za kesi zilizofungwa kwa mlalamishi au mashahidi kutoonekana, pamoja na maelezo ya wale ambao wameniruhusu kwa maandishi kuyatoa. Sizichapishi kwa kuwa ndani yake mna watoto. Yeyote kati yenu akimtuma afisa na barua rasmi, nitamkabidhi siku hiyo hiyo, na walio tayari kusema nitakaa nao chumbani watakapoandika maelezo yao. Mjane wa Majengo ni mmoja wao, na shemeji yake bado anauza nyumba.

Wenu katika kazi,

Wakili wa Mahakama Kuu,
Mombasa